Muulize Fundi: Nikifunga mtungi wa oksijeni kwenye injini, gari itapanda Kitonga?

Maswali ya toleo hili karibu yote yameangukia sehemu moja, kuipa injini oksijeni, nadhani kuna video inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Naanza na la ndugu yetu wa Iringa kwa sababu huyu ana mtungi tayari na anasubiri jibu, wengine mnifuate taratibu.

Swali: msomaji, Iringa

*Shikamoo fundi. Nina pikapu ya petroli, injini 1800, nabeba viazi na nyanya kupeleka Dar, na nikirudi sirudi mtupu. Shida yangu ni Kitonga, nikiwa na mzigo napanda na gia namba mbili mpaka juu na malori yananipigia honi nyuma. Kaka yangu ana kibanda cha kuchomelea, mitungi ya oksijeni anayo, mmoja ameniazima. Shule tulifundishwa kwenye hewa oksijeni ni moja ya tano tu, iliyobaki ni naitrojeni ambayo haifanyi kitu. Sasa si nikiipa injini oksijeni tupu nguvu inakuja mara tano? Na mafuta si yataungua yote, nitumie kidogo? Nijibu kabla sijatoboa paipu ya hewa.*

Marahaba mwanangu. Usitoboe.

Sasa tuongee vizuri maana swali lako lina akili ndani yake, sio la kuchekwa. Hesabu ya shule uko sawa, hewa ni naitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, na ile moja iliyobaki karibu yote ni argoni. Na umegusa kitu ambacho hata mafundi wengine hawakijui: injini inachobanwa nacho ni hewa, petroli unaweza kuimwaga utakavyo, weka injekta kubwa tu, lakini kila kilo moja ya petroli inataka kilo 14.7 za hewa, na ndani ya hewa hiyo oksijeni ni kama kilo 3.4. Ikikosekana hiyo oksijeni petroli inatoka moshi mweusi kwenye ekzosi. Ndio maana gari isiyo na tabo, ile pampu ya kushindilia hewa kwenye injini, inachoka ukipanda nyanda za juu. Nairobi iko karibu mita 1,800 toka usawa wa bahari, presha ya hewa kule ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa, kwaiyo injini ile ile iliyokuwa inatamba Mombasa ikifika Nairobi imeshapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake bila kuharibika chochote. Iringa na nyie mko juu ya mita 1,500, kwaiyo lawama nyingine kwenye kile kilima ni ya hewa, usimalizie hasira zote kwenye gari.

Ila kuna jambo lazima lirekebishwe kwanza. Oksijeni yenyewe haiungui. Inayoungua ni petroli, oksijeni ndio inaiunguza. Kwaiyo ukiongeza oksijeni bila kuongeza petroli hupati nguvu mara tano, na ukitaka hizo mara tano utachoma petroli mara tano, hakuna cha bure hapo. Na lile la kusema mafuta yataungua yote, injini nzima iliyoshapata moto inaunguza kama asilimia 98 ya petroli inayoingia, kwaiyo unachokitafuta ni zile mbili. Hasara kubwa ya injini haiko kwenye mafuta yasiyoungua, iko kwenye joto linalotokea ekzosi na rejeta, na oksijeni hailipunguzi hilo, inalizidisha.

Hapo ndipo naitrojeni uliyosema haifanyi kitu inapoingia. Chukua chungu cha udongo, kiweke jikoni na maji ndani, kitakaa kwenye moto kutwa nzima. Kiweke kikavu kwenye moto ule ule uone kama hakijapasuka. Naitrojeni ndio maji ya kile chungu. Petroli ikiungua ndani ya silinda, joto lote lile naitrojeni inalibeba, inatanuka, na kutanuka kwake ndiko kunakosukuma pistoni kwenda chini, kwaiyo kazi inafanya tena nzito, alafu inatoka na joto kwenye ekzosi. Moto wa petroli na hewa unafika kama nyuzi 2,200 kwa kipindi kifupi sana. Ukitoa naitrojeni unavuka 3,000 huko. Pistoni yako ni aluminiamu na aluminiamu inayeyuka nyuzi 660, inapona kila siku kwa sababu moto ule ni wa kufumba na kufumbua na maji ya rejeta na oili vinapooza kwa nyuma.

Na huna haja ya kuniamini mimi, nenda kwa kaka yako ukamwangalie anavyokata bamba kwa gesi. Kwanza anawasha asetilini na oksijeni kidogo, anapasha sehemu moja mpaka chuma kinakuwa chekundu cha kung'aa. Alafu anabonyeza ile wenzo ya pembeni. Hapo inayotoka ni oksijeni tupu, na uangalie kinachotokea, chuma kinaanza kumwagika chini na cheche zinaruka mpaka ukutani. Watu wanadhani ule mwali ndio unayeyusha, hapana, ni chuma chenyewe kinaungua, kimegeuka kuni. Sasa wewe unataka kupeleka kitu hicho hicho kwenye valvu ya ekzosi ambayo kazini huwa inafika mahali inakaribia kuwa nyekundu. Utakuwa umefunga bana ya kukatia ndani ya silinda hedi yako mwenyewe.

Kabla ya kuyeyuka injini itagonga. Petroli na hewa inaungua kwa mpangilio, moto unaanza kwenye plagi unatembea kwenda pembeni, hiyo nayo ni kazi ya naitrojeni kuupunguza mwendo. Kwenye oksijeni tupu moto hautembei, mchanganyiko wote unalipuka kwa mpigo mmoja, au unalipuka hata kabla plagi haijapiga cheche pistoni ikiwa bado inapanda, na hapo kinachofuata ni pistoni kutoboka, ringi kukatika au konrodi kupinda.

Bado kuna oili. Hili ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Nikiwa kijana najifunza kazi, kibanda kimoja, kulikuwa na mtungi ambao regulata ilikuwa ngumu kuingia kwenye nyuzi zake. Mwenzangu mmoja akapaka grisi kidogo, kama anavyopaka bolti nyingine yoyote, ikaingia laini kabisa tukafurahi. Akafungua mtungi. Ulitoka mlio mmoja mkavu kama risasi na mwanga mweupe, ile regulata ya shaba ilikuwa na tundu pembeni kingo zake zimeyeyuka, na mkono wa shati lake ulikuwa unawaka moto mpaka begani. Hakukuwa na kiberiti, hakukuwa na cheche, ni grisi na oksijeni yenye presha tu. Mpaka leo ana kovu. Ndio maana kila fundi gesi anayejua kazi yake hakubali mtu aguse mtungi wa oksijeni na mikono ya grisi, na muulize kaka yako atakwambia hivo hivo. Sasa injini ni nini kama sio chombo kilichopakwa oili kila mahali? Kuta za silinda zina oili, ringi zina oili, ile gesi inayopenya ringi inashuka kwenye sampu ambako kuna lita nne za oili ya moto. Umeshaelewa naelekea wapi.

Haya, tuseme umepata injini ya miujiza isiyoyeyuka. Mzigo sasa. Lita moja ya petroli inataka kama kilo 2 na nusu za oksijeni. Mtungi mkubwa wa kaka yako ukijaa una kama kyubiki mita 7, ambayo ni kilo 9 na kitu, na chuma chake peke yake kina zaidi ya kilo 50. Kwaiyo mtungi mzima unachoma lita 3 na nusu za petroli hivi, hata lita 4 hazifiki. Ukitaka kumaliza tenki la lita 40 utabeba mitungi 11, zaidi ya nusu tani ya chuma, na viazi utaviweka wapi? Ukikanyaga mafuta mpaka chini kwa mzunguko wa 3,000, injini ya 1800 inavuta hewa karibu lita 2,700 kwa dakika, humo oksijeni ni kama lita 560, kwaiyo mtungi unaisha kwenye dakika 12 tu, na hiyo ni kwa nguvu za kawaida tu, ukitaka mara tano gawa kwa tano.

Hewa ya nje haina kilo kwenye gari, haina bei, haina regulata, ipo kila mahali barabara inapopita. Kwa gari inayotembea duniani hakuna mtungi utakaoshinda hiyo.

Gari yako fanya hivi. Chujio la hewa litoe uliangalie kwenye jua, vumbi la barabara zetu mnalijua. Pima kompresheni silinda zote nne. Angalia plagi, presha ya pampu ya mafuta, na kama klachi haitelezi, maana klachi ikianza kuteleza mwenye gari huwa anaisingizia injini. Na punguza magunia, nasema kwa nia njema, Kitonga kuna kupanda na kuna kushuka, na ukishuka na mzigo uliozidi breki ndio zitakazoulizwa. Ukiwa bado unataka nguvu basi tafuta gari iliyotoka kiwandani na tabo, tabo ni njia ya kuongeza oksijeni bila kuitenga na naitrojeni yake, inashindilia hewa yote kwa pamoja. Tabo ikishindilia bar moja juu ya ile ya kawaida umeingiza karibu hewa mara mbili, na intakula inaipooza kabla haijaingia.

Swali: msomaji, Mombasa

*Fundi, kama oksijeni tupu ni hatari hivyo mbona roketi zinatumia? Na nyambizi chini ya maji zinapata wapi hewa?*

Swali zuri sana, na jibu lake fupi ni kwamba wanaotumia oksijeni tupu ni wale ambao hewa hawana. Roketi ikishapanda hakuna hewa huko, hana ujanja, lazima abebe. Saturn V iliyopeleka watu mwezini hatua yake ya kwanza ilichoma kerosini na oksijeni ya maji maji iliyopozwa nyuzi 183 chini ya sifuri. Unajua ilikuwaje isiyeyuke? Kuta za injini zile zilikuwa mabomba matupu yamepangwa, kerosini inapitishwa humo kwanza ipooze ukuta ndio iende kuunguzwa. Na kazi yake ilikuwa dakika mbili na nusu tu alafu inadondoka baharini. Injini ya daladala tunaitaka ifike kilomita laki tatu.

Injini ya pistoni ya oksijeni tupu imewahi kuwepo pia, na hii ndio napenda kuisimulia. Wajapani miaka ya 1930 walitengeneza topido, yaani bomu linalojiendesha ndani ya maji, jina lake Type 93, inachoma kerosini kwa oksijeni. Ilikwenda zaidi ya kilomita 20 kwa mwendo wa noti karibu 50, yaani kama kilomita 90 kwa saa, topido za wenzao wakati ule hazikugusa hapo, alafu kwa kuwa hakuna naitrojeni ya kutoka kama mapovu haikuacha mstari mrefu juu ya maji. Lakini ona walivyoiogopa. Ilikuwa inawashwa kwa hewa ya kawaida kwanza, oksijeni inafunguliwa kidogo kidogo baadaye, na maji yanapuliziwa kwenye chumba cha kuunguzia ili joto lipungue, yaani waliitoa naitrojeni kisha wakatafuta kitu kingine cha kufanya kazi yake. Mabomba ikabidi yasafishwe yasiwe na tone la mafuta. Na pamoja na yote hayo meli yao Mikuma ilipopigwa mabomu na Wamarekani mwaka 1942 huko Midway, topido zake zenyewe ndio zilizolipuka zikaimaliza.

Wasovieti baada ya vita walijaribu kwenye nyambizi, wale wa Project 615. Dizeli inazunguka chini ya maji, moshi wake unasafishwa, unachanganywa na oksijeni unarudishwa kwenye injini. Hapo tena, moshi ndio umechukua nafasi ya naitrojeni. Mabaharia wenyewe walizipa nyambizi hizo jina la viberiti vya gesi kwa jinsi zilivyokuwa zinashika moto. Mwaka 1957 moja, M-256, iliungua karibu na Tallinn ikazama na watu 35 wakafa. Huwa nikiisimulia hii kwa vijana gereji nawaomba wasiichukulie kama hadithi ya vita, wale walikuwa mafundi mitambo, watu kama sisi, na walijua wanachofanya.

Kwa sasa hivi sehemu ninayoona ina maana ni mitambo ya umeme. Kule La Porte, Texas, kampuni ya NET Power ilijenga mtambo wa majaribio unaochoma gesi asilia kwa oksijeni, uliwashwa mara ya kwanza 2018. Na wao wanazungushia kabonidayoksaidi humo ndani kupooza moto. Faida yake ni kwamba kinachotoka mwishoni ni maji na kabonidayoksaidi safi, zile oksaidi za naitrojeni zinazochoma macho na mapafu kwenye foleni karibu hazipo, na hiyo kabonidayoksaidi unaweza kuikusanya badala ya kuiachia angani. Lakini huo ni mtambo umekaa chini na kiwanda cha oksijeni pembeni yake, sio pikapu.

Swali: msomaji, Nairobi

*Boss, na naitrasi ya magari ya mashindano? Si ni oksijeni hiyo hiyo tu?*

Ni oksijeni imefungwa kwenye kifurushi na naitrojeni yake, ndio uzuri wake. Naitrasi oksaidi kwa uzito ina oksijeni asilimia 36 hivi, hewa ina 23. Ikiwa kwenye chupa imetulia, haiachii oksijeni yake mpaka ipate joto la nyuzi kama 300, yaani mpaka iko ndani ya silinda. Ikitoka kwenye chupa kama maji na kugeuka gesi inapoza hewa inayoingia, kwaiyo hewa inakuwa nzito zaidi, na ile naitrojeni yake inaendelea kutuliza moto kama kawaida. Wajerumani waliifunga kwenye ndege za vita miaka ya 40 ili zipate pumzi huko juu hewa ilipo nyepesi.

Ila lazima petroli iongezwe kwa kipimo wakati huo huo. Wanaoua injini na naitrasi karibu wote ni kwa sababu gesi imeingia na petroli haikutosha, na ukiifungua hedi unakuta pistoni ina shimo safi katikati kama limechomwa na bana. Inatumika sekunde chache kwenye kiwanja cha mashindano, injini ikiwa imeandaliwa. Thika Road usiku hapana kaka, pale kuna watu wanavuka kwa miguu.

Swali: msomaji, Dar es Salaam

*Mama alipougua tulinunua ile mashine ya nyumbani ya kutengeneza oksijeni kutoka kwenye hewa, haitumii mtungi. Namshukuru Mungu amepona. Sasa ipo tu. Haiwezi kufungwa kwenye gari, ikavuta umeme wa betri?*

Pole kwa kuuguza na hongereni kwa mama kupona.

Mashine hiyo inapitisha hewa kwenye chembechembe zinazoshika naitrojeni na kuachia oksijeni, inakupa kama asilimia 93. Za lita 5 kwa dakika nyingi zinakula wati 350 hivi. Lita 5 kwa dakika ni gramu 400 kwa saa. Gari inayokwenda kilomita 100 kwa saa na kunywa lita 8 inahitaji kilo 20 za oksijeni kwa saa hiyo, kwaiyo utafunga mashine 50. Zidisha kwa wati 350, kilowati 17 na nusu, na nguvu inayohitajika kuisukuma gari ndogo kwenye mwendo huo ni kama hiyo hiyo. Injini itakuwa inafanya kazi ya kujipumulisha yenyewe na gari halijasogea. Viwanda vikubwa vinavyogandisha hewa mpaka iwe maji, kazi aliyoifungulia njia Carl von Linde mwaka 1895, vinatumia umeme mdogo kuliko huo kwa kila kilo, lakini kiwanda hakiingii kwenye buti.

Nina ombi. Mashine nzima inayofanya kazi, iulizie kituo cha afya kilicho karibu na nyumbani. Wakati wa korona wote tuliona watu wanavyohangaika kutafuta hizo lita 5 kwa dakika.

Swali: msomaji, Mwanza

*Kuna jamaa anafunga kifaa cha kutenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni, anasema mafuta yanapungua nusu.*

Umeme wa kutenganisha hayo maji unatoka kwenye oltaneta, oltaneta inazungushwa na injini, injini inakula petroli, na kila hatua inapoteza kidogo. Kifaa cha ampea 20 chenye seli sita kinatoa lita moja na kidogo ya gesi kwa dakika. Injini ya 1500 kwa mzunguko wa 2,500 ina uwezo wa kuvuta hewa lita 1,800 na ushee kwa dakika hiyo hiyo. Pesa yako peleka kwenye tairi.

Na wewe wa Iringa, kabla sijafunga. Mtungi urudishe kwa kaka leo, usilale nao kwenye gari lenye harufu ya petroli. Usafiri umesimama wima na umefungwa mnyororo, regulata imetolewa, kofia ya valvu imekazwa. Na kabla ya kuugusa nawa mikono kwa sabuni, hasa kama umetoka kushika injini.